Shajara ya sipiyu inayogoma asubuhi

Jumatatu, 2 Juni

Naanza kuandika leo ingawa tatizo lina wiki mbili sasa. Sipiyu ya dukani inagoma kuwaka asubuhi. Ingekuwa imekufa kabisa ningejua la kufanya. Hii inawaka siku inayotaka, na ikishawaka inapiga kazi mpaka nafunga duka saa kumi na mbili jioni bila kukwama hata mara moja.

Nieleze mashine yenyewe. Ni ya mtumba, imeundwa mwaka 2012, kasha la kusimama, prosesa ya Core i5, ramu (kumbukumbu ya muda) gigabaiti 8 kwa vipande viwili, diski kuu ya gigabaiti 500. Watu hapa huliita kasha zima sipiyu, nami nitaandika hivyo hivyo, ingawa sipiyu yenyewe ni ile prosesa, kidude kidogo kilicho chini ya feni. Ilikuwa kwa shemeji yangu Dar es Salaam miaka sita, ofisini, ikiwashwa Jumatatu mpaka Jumamosi. Alipopata nyingine, mwezi wa pili, akanipa hii. Ikakaa hapa Njombe mpaka katikati ya Mei bila tatizo lolote.

Dalili ni hizi. Nikibonyeza swichi, taa ya mbele inawaka, feni inageuka kama nusu mzunguko, halafu kimya. Nikibonyeza tena mara moja, hata feni haigeuki. Nasubiri, nabonyeza, nasubiri. Leo imekubali mara ya saba, saa mbili na dakika kumi, wakati wanafunzi wanne wa kidato cha nne wamesimama mlangoni, mikono kwapani kwa baridi, wakingoja nyaraka zao za moku, mtihani wa majaribio. Mmoja alichoka akaondoka. Steshenari hii ndiyo inayotulisha mimi na mdogo wangu, kwa hiyo silichukulii jambo hili kirahisi.

Alhamisi, 5 Juni

Nimemwita fundi kijana wa hapa stendi. Alifika saa sita mchana kwa kuwa asubuhi alikuwa na kazi nyingine. Akafungua kasha, akatoa ramu zote mbili, akazisugua meno yake kwa ufutio wa penseli, akapuliza vumbi, akarudisha. Akabonyeza. Ikawaka palepale.

"Ramu hizo, dada. Zilikuwa na kutu."

Nimemlipa elfu kumi na kumshukuru. Kusugua ramu kwa ufutio si uganga. Yale meno ya dhahabu yakishika uchafu mashine kweli inaweza kukataa kuwaka, na mashine nyingi zimepona hivyo.

Jumamosi, 7 Juni

Imegoma. Mara nane. Ikawaka saa mbili na robo.

Jumatatu, 9 Juni

Nimegundua kwamba saa ya mashine inarudi nyuma. Nikiwasha inaniambia ni mwaka 2012. Hiyo ni betri ya saa, ile ya duara kama sarafu, CR2032, inayokaa juu ya madabodi, ile bodi kuu, na kutunza saa pamoja na mipangilio ya biosi, programu ya kuamshia mashine, umeme unapokuwa umezimwa. Ikiwa nzima inatakiwa isome volti 3. Nimeipima kwa mita yangu, ile niliyoinunua nikisoma umeme chuo cha ufundi VETA: 2.4. Nimeweka mpya kwa shilingi elfu mbili.

Saa sasa haipotei. Nilifurahi sana jioni hii, nikiamini mambo yamekwisha.

Jumanne, 10 Juni

Saa inasoma sawasawa, mashine imegoma mara sita. Betri ilikuwa mbovu kweli na ilistahili kutolewa, lakini ugonjwa wake ulikuwa wake peke yake. Naandika hili kwa mwandiko mkubwa daftarini: ukikuta kibovu kimoja usifunge kasha.

Jumatano, 11 Juni

Jirani wa mashine ya kusaga amenishauri niangalie umeme. Anasema asubuhi kila nyumba imewasha jagi la maji ya moto na hita, kwa hiyo umeme unashuka. Wazo zuri, na linapimika. Saa moja na nusu asubuhi, mashine imegoma: soketi inasoma volti 221. Saa moja jioni, taa zote za mtaa zimewaka, nimeizima mashine na kuiwasha makusudi: soketi inasoma 208, imewaka kwa bonyezo moja. Umeme ulio chini zaidi ndio uliokubali. Umeme wa mtaa nimeutoa kwenye orodha ya watuhumiwa.

Alhamisi, 12 Juni

Swichi ya mbele. Nimechomoa waya zake mbili kwenye madabodi na kuzigusanisha zile pini mbili kwa ncha ya bisibisi, kazi ileile inayofanywa na swichi. Nusu mzunguko, kimya. Swichi haina kosa.

Jumamosi, 14 Juni

Fundi amerudi, tena mchana. Amebonyeza mbele yangu mara kumi, ikawaka mara kumi. Ananiangalia kama mtu anayesumbuliwa bure. Kasema labda ni madabodi, nitafute nyingine. Nimemuuliza amejuaje. Hakuwa na jibu, nami sikutaka kununua madabodi kwa ramli.

Shemeji amenipigia simu, akasema niitume Dar, kuna fundi wa ofisini kwao anayemwamini. Nimeifunga kwa blanketi na maboksi mawili, nikaipakia kwenye basi la jioni. Ni takriban kilomita 700 kutoka hapa. Wiki hizi mbili nitakodi kompyuta ndogo ya jirani.

Jumatano, 25 Juni

Simu kutoka Dar. Fundi wa kule amekaa nayo siku tisa. Kila asubuhi ameiwasha, kila asubuhi imewaka kwa bonyezo moja. Ameijaribu usiku, ameijaribu baada ya kuchomoa waya saa nzima. "Mwambie dada haina ugonjwa." Hakuchukua hata senti, na namheshimu kwa hilo.

Jumatatu, 30 Juni

Ilishuka na basi Jumamosi usiku, pamoja na kifurushi cha shemeji: dagaa, madafu mawili yaliyopasuka njiani, na chupa ya mafuta ya nazi ya jirani yangu mwenye saluni. Jana Jumapili ilikaa dukani ndani ya boksi. Leo saa moja na nusu nimeifungua, nimeiunga, nimebonyeza.

Nusu mzunguko. Kimya.

Nilikaa chini kwenye kigoda nikashika kichwa. Mara ya kumi na moja ndipo ikawaka.

Jumanne, 1 Julai

Leo ndiyo siku ya maana kuliko zote katika daftari hili, na aliyenifungulia njia hakuigusa kompyuta.

Jirani wa saluni alikuja asubuhi na chupa yake ya mafuta. "Kamwene, dada. Angalia shemeji yako alichonitumia." Ameigeuza chupa juu chini na mafuta hayakushuka. Yameganda meupe kama mshumaa. Alidhani ameuziwa mafuta mabovu. Nikamwambia hapana, mafuta ya nazi huganda joto likishuka chini ya nyuzi 24 hivi. Dar yalikuwa majimaji tangu dukani mpaka kwenye basi, yamefika Njombe yakaganda. Yaweke karibu na jiko, yatarudi.

Nikiwa bado namweleza, nikageuka kuitazama sipiyu. Vitu viwili vimesafiri basi moja, kutoka joto kuja baridi. Kule vyote viwili vilikuwa vizima. Hapa vyote viwili vimekataa. Na fundi wetu wa stendi alikuja saa sita mchana, mara zote mbili, jua likiwa juu ya bati.

Mashine ilifika kwangu Februari, ikaanza kugoma katikati ya Mei. Mei ndipo baridi yetu inapoingia. Nilikuwa nayo hiyo habari tangu siku ya kwanza, nimeiandika mwenyewe ukurasa wa kwanza, na sikuisoma.

Nimeazima kipimajoto cha ukutani kwa mwalimu wa sayansi. Nakitundika nyuma ya meza, kimo cha sipiyu.

Jumatano, 2 Julai mpaka Jumatano, 9 Julai

Nimechora safu nne: saa, nyuzi za joto, volti za soketi, mabonyezo mpaka iwake. Nabonyeza kila baada ya dakika mbili, nisiharakishe siku moja na kuchelewa nyingine. Jumapili na Saba Saba nimefungua duka kwa ajili ya kipimo hiki tu.

Nyuzi 13, mabonyezo 6. Nyuzi 11, mabonyezo 9. Nyuzi 12, mabonyezo 7. Nyuzi 10, mabonyezo 12. Siku hiyo ukungu ulishuka mpaka kwenye ngazi za duka. Nyuzi 14, mabonyezo 4. Nyuzi 12, mabonyezo 7 tena. Nyuzi 15, mabonyezo 2. Nyuzi 11, mabonyezo 10.

Sijawahi kuona ugonjwa wa kubahatisha ukijipanga mstari namna hii. Volti za soketi zinapanda na kushuka bila uhusiano wowote na mabonyezo. Safu hiyo nimeifuta, kuanzia kesho siiandiki.

Alhamisi, 10 Julai

Nyuzi 11. Bonyezo 1.

Nimeandika kwa kalamu nyekundu. Mstari wangu mzuri umevunjika na sijui kwa nini. Nimetafuta tofauti ya leo na jana nikaipata ukutani: jana usiku nilisahau kuzima soketi. Kila jioni huizima kwa sababu ya radi na umeme unaokatika na kurudi kwa kishindo. Jana umeme ulikatika saa kumi na moja, nikafunga duka gizani, soketi ikabaki imewashwa, umeme ukarudi usiku.

Ijumaa, 11 Julai

Nimeligeuza sahau hilo kuwa jaribio. Leo nyuzi 11, soketi nilikuwa nimeizima usiku. Asubuhi nimeiwasha soketi saa moja na nusu na sikugusa swichi ya mashine kabisa. Nimekwenda kunywa chai na maandazi kwa mama ntilie, nikarudi baada ya dakika 25. Bonyezo moja, imewaka.

Kwa hiyo siku zote nilizokuwa nikibonyeza, kubonyeza hakukuwa kunasaidia lolote. Kilichokuwa kinahesabika ni dakika tangu soketi iwashwe. Mabonyezo kumi kwa dakika mbili mbili ni dakika 20. Kuna kitu mle ndani kinachopata moto kidogo kidogo mara tu plagi inapopata umeme, hata mashine ikiwa imezimwa, na kikishapata moto wa kutosha mashine inakubali.

Na kitu kinachofanya kazi mashine ikiwa imezimwa ni kimoja. Ndani ya pawa saplai ya kompyuta hizi, lile boksi la bati linalopokea umeme wa soketi na kuugawa ndani ya kasha, kuna saketi ndogo ya akiba inayotoa volti 5 muda wote plagi ikiwa ukutani. Ndiyo inayoipa madabodi uhai wa kusikia swichi ikibonyezwa. Waya wake ni wa zambarau. Ukibonyeza swichi, madabodi inauvuta chini waya wa kijani, pawa saplai kubwa inaamka, volti 12, 5 na 3.3 zinatoka, zikishatulia pawa saplai inatoa ishara kwenye waya wa kijivu kwamba hali ni njema, na hapo ndipo prosesa inaruhusiwa kuanza. Ile akiba ikiwa dhaifu, mlolongo mzima unakatika kwenye hatua ya kwanza. Nusu mzunguko wa feni, kisha kimya.

Jumatatu, 14 Julai

Sitaki kuhukumu pawa saplai kwa nadharia. Ramu nayo ilihukumiwa hivyo.

Nimeazima draya ya mkononi kwa jirani wa saluni. Nimefungua skrubu nne za pawa saplai nikaitoa nje ya kasha bila kufungua kifuniko chake wala kuchomoa waya za madabodi, nikaiweka juu ya boksi, mbali na vingine kadiri waya zinavyofika. Nyuzi 12. Soketi imezimwa tangu jana. Nimeipuliza pawa saplai peke yake dakika tano, joto la kati, mpaka bati lake likawa vuguvugu kama kikombe cha chai kilichokwisha kunywewa. Nikawasha soketi na kubonyeza papo hapo.

Imewaka.

Jumanne, 15 Julai

Kinyume chake. Nyuzi 12. Pawa saplai nimeifunika taulo, nimepuliza madabodi, ramu na prosesa dakika tano. Soketi, bonyezo. Nusu mzunguko, kimya. Nimesubiri kama kawaida, mabonyezo 7.

Jumatano na Alhamisi, 16 na 17 Julai

Jumatano nimerudia ya Jumatatu: imewaka mara ya kwanza. Jana usiku nimeichomoa pawa saplai kabisa nikaenda nayo nyumbani, ikalala jikoni kwa mama, juu ya kabati lililo upande wa pili wa jiko. Sipiyu iliyobaki imelala dukani kwenye baridi. Leo Alhamisi asubuhi nimeibeba ndani ya sweta mpaka dukani, nimeiunga, nyuzi 10. Bonyezo moja.

Mama ameniuliza nimebeba nini kwa upole namna ile. Nimemwambia ni mgonjwa, namrudisha hospitali.

Jumamosi, 19 Julai

Vipimo. Plagi kubwa ya madabodi ina pini 24, na waya zake zinaonekana kwa nyuma, kwa hiyo unaweza kuingiza ncha nyembamba ya mita kando ya waya bila kuchomoa kitu. Ncha nyeusi kwenye waya mweusi, ncha nyekundu kwenye wa zambarau. Kiwango cha kawaida kinaruhusu asilimia 5 juu au chini, yaani 4.75 mpaka 5.25.

Nyuzi 11, soketi imewashwa sasa hivi: 4.31. Nikibonyeza swichi inaporomoka mpaka 3.6 na feni inakufa. Baada ya dakika kumi: 4.58. Baada ya dakika ishirini: 4.82, nimebonyeza, imewaka. Saa nane mchana, nyuzi 19: 4.97.

Mita ya bei yangu haionyeshi mitetemo ya haraka, na naamini shimo halisi ni refu kuliko hiyo 3.6. Lakini nimeridhika. Nimeuona ugonjwa kwa macho.

Jumatano, 23 Julai

Hapa naomba nisomwe kwa makini. Sikufungua pawa saplai peke yangu na sishauri mtu afungue kama hajafundishwa. Umeme wa soketi wa volti 230 ukigeuzwa kuwa wa moja kwa moja mle ndani unafika volti 325 hivi, unahifadhiwa kwenye kapasita kubwa, na unaweza kubaki humo hata baada ya kuchomoa plagi. Umeme huo unaua.

Nimekwenda kwa mzee wa redio na televisheni, mwenye kibanda nyuma ya soko. Nimeiacha imechomolewa siku nzima, na bado yeye alipofungua kifuniko hakuingiza kidole. Alichukua globu ya kizamani yenye soketi na waya mbili, akazigusisha kwenye miguu ya kapasita kubwa. Globu haikuwaka. Akapima kwa mita: volti 2. Ndipo akavuta kiti.

"Sasa mwanangu, tuangalie."

Sikuhitaji kuonyeshwa. Kando ya transfoma ndogo kuna kapasita mbili za mikrofaradi 1000 (ndicho kipimo cha umeme zinaoweza kuhifadhi), volti 10, zimesimama pamoja kama mapacha. Kofia ya kapasita nzima ni bapa, na ina msalaba uliokatwa juu yake ili ikizidiwa ipasukie hapo. Hizi zimevimba kama mkate wa mofa. Moja imepasuka kwenye msalaba na utandu wa kahawia umekauka juu yake, kama ute wa chai uliomwagikia bati la moto. Mzee ameukwangua kwa ukucha, ukadondoka kama magamba.

Nimemuuliza kwa nini baridi, akanieleza vizuri kuliko kitabu changu cha chuo. Ndani ya kile kikopo kuna karatasi nyembamba ya alumini iliyoviringishwa pamoja na karatasi iliyoloweshwa majimaji yanayopitisha umeme. Miaka inavyopita, na hasa kwenye joto, majimaji yanavukiza kidogo kidogo kupitia mpira wa chini. Yakipungua, ukinzani wa ndani wa kapasita unapanda. Baridi nayo inayafanya yaliyobaki kuwa mazito, umeme unapita kwa shida, ukinzani unapanda tena. Kapasita mpya ina ziada ya kutosha na haijali baridi yetu hii. Iliyokauka haina ziada, baridi inaimaliza. Ukiipa umeme dakika kadhaa inajipasha yenyewe, ukinzani unashuka, inafufuka.

Na kwa nini hizi mbili tu? Kwa sababu zinafanya kazi usiku na mchana. Kule Dar ofisi haikuwahi kuzima soketi. Mashine ilipumzika usiku, hizi hazikupumzika, miaka sita, kwenye joto la pwani. Kwa kapasita za aina hii mafundi huhesabu kwamba joto likizidi kwa nyuzi 10 maisha yake yanapungua nusu. Dar ndiko kulikozikausha. Njombe ndiko kulikotoa siri.

Mzee alikuwa na kapasita za mikrofaradi 1000 kwenye kopo lake, lakini zimeandikwa nyuzi 85. Nimemwomba tusubiri. Nataka za nyuzi 105, zenye ukinzani mdogo wa ndani, zilizotengenezwa kwa kazi ya pawa saplai. Volti zinaweza kuzidi, 16 badala ya 10, bila dhara mradi zitoshee nafasi. Mikrofaradi zibaki zilezile. Hakubishana. Alisema hata yeye angependa hizo, ila wateja hawasubiri.

Kuna aliyeniuliza kwa nini nisinunue pawa saplai nyingine. Nimeuliza bei. Ya mtumba elfu 25, na umri wake ni sawa na wa hii, huenda imetoka kwenye joto lilelile na kapasita zilezile. Mpya elfu 65. Kama kapasita hazitaponya nitanunua mpya bila kinyongo.

Jumatatu, 28 Julai

Shemeji amezitafuta Kariakoo, amezituma kwenye bahasha kwa basi. Kapasita nne, shilingi elfu moja kila moja. Mbili za akiba.

Mzee amezichomoa za zamani kwa pasi ya kulehemu, akanyonya risasi ya zamani, akanionyesha alama kwenye bodi. Kapasita hizi zina upande: mstari mweupe ubavuni ni mguu wa hasi, na ukizigeuza zitapasuka. Amenipa pasi nilehemu ya pili mwenyewe. Mkono ulitetemeka mguu wa kwanza, wa pili ukatulia. Risasi ikakaa ikiwa inang'aa na imepanda kama kilima kidogo, hivyo ndivyo inavyotakiwa. Ametazama kwa lenzi akasema, "Hii yako ni nzuri, iache."

Zile mbovu nimezileta nyumbani ndani ya mfuko. Moja nimeipima kwa kipima kapasita chake kabla ya kuondoka: badala ya mikrofaradi 1000 ilisoma 140.

Jumanne, 29 Julai

Sikulala vizuri. Nimefika dukani saa kumi na mbili na nusu ili nipate baridi yenyewe. Nyuzi 9, ya chini kuliko zote nilizoandika. Soketi nilikuwa nimeizima, mashine imelala hapo hapo usiku kucha. Waya wa zambarau: 5.06. Nimebonyeza nikiwa nimeshika mita. Imeshuka mpaka 5.01, ikapanda, feni ikazunguka na kuendelea kuzunguka.

Nimepiga kelele mpaka jirani wa saluni akatoka nje na kitana mkononi.

Jumatatu, 11 Agosti

Asubuhi 14 mfululizo. Nyuzi kati ya 9 na 14. Safu ya mabonyezo ni moja, moja, moja mpaka chini ya ukurasa. Nane Nane sikufungua duka, lakini nilipita kuibonyeza.

Nimempelekea fundi kijana wa stendi daftari alisome. Amelisoma lote akiwa amesimama, akaniuliza draya niliishikilia umbali gani, na kwa nini nilifunika taulo. Amesema kuna mashine mbili za shule ya sekondari anazozijua zinazogoma asubuhi, na moja ameshaibadilishia madabodi bila mafanikio. Tumekubaliana Jumatano twende pamoja, saa moja kamili, kabla jua halijapasha moto, na kipimajoto cha mwalimu.

Jumatano, 13 Agosti

Shuleni. Nyuzi 10 ndani ya chumba cha kompyuta. Mashine ya kwanza: waya wa zambarau 4.2, mabonyezo 9, draya kwenye pawa saplai ikaiwasha. Nimeiandikia ukurasa wake.

Mashine ya pili: waya wa zambarau 5.08 na imegoma, baridi au joto, draya au bila draya. Hiyo ni ugonjwa mwingine. Kijana ameanza na ramu, akiwa na daftari lake jipya mkononi, na safu nne amezichora mwenyewe.